Mlezi naye apumzike: mzee abaki kwake, msaidizi ndiye asafiri

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo liko katika nyumba nyingi, lakini watu wanaona haya kulisema: mtu anayemtunza mzee kila siku naye anachoka. Akichoka, nani atamshikia kazi siku chache?

Tunatoa mfano wa kwetu wenyewe, maana hatutaki kuwafundisha mambo tuliyoyasikia tu.

Bibi yetu anaishi Gihosha, Bujumbura, pamoja na mama mdogo. Sisi wengine tuko hapa Bwagiriza. Bibi alipooza upande wa kulia kwa sababu ya tansiyo, hawezi kusimama bila kushikwa. Kwa miaka mitatu mama mdogo alimwogesha, alimlisha, alimgeuza usiku, na asubuhi alitoka kuuza ndagala. Gihosha ni sehemu ya milima. Maji yakikatika, yeye ndiye alishuka kuyatafuta na kuyapandisha kwa bidoni.

Na sisi wa kambini tulifanya nini? Tulipiga simu siku ya Jumapili. "Bibi hajambo?" "Hajambo." Basi, tumemaliza. Tena tulikuwa tunasema kwamba yeye yuko mjini, anakula samaki, ana bahati. Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona kichwani kwa mwingine unafikiri ni pamba tu.

Siku moja simu ikatoka kwa jirani. Mama mdogo alianguka njiani na bidoni ya maji. Hakuvunjika, lakini walipompima wakakuta tansiyo yake mwenyewe imepanda sana. Wakamwambia apumzike wiki mbili, asibebe kitu. Alipochukua simu alikuwa analia: "Nipumzike, halafu mama nimwachie nani?"

Kosa letu la kwanza

Tulikaa kikao, tukaamua haraka: tumlete Bibi hapa kambini. Wawili wetu wakashuka Bujumbura kwa gari, kupitia Gitega na Muramvya. Walipofika wakaanza kukunja vikwembe vya Bibi na kuvitia ndani ya mfuko. Bibi akaanza kutetemeka. Akauliza kwa sauti ndogo: "Wamefika wapi?"

Yaani alifikiri ni vita. Mwezi wa Juni 2004, mapigano ya Bukavu yalipoleta hofu mpaka Uvira, ndivyo alivyokimbia: mtu alikunja nguo usiku, hakuna aliyemweleza, wakavuka mpaka. Sasa aliona mikono ile ile na mfuko ule ule. Akashika kitanda kwa mkono wake mzima, akakataa kukiachia.

Tuliona haya. Tukarudisha nguo mahali pake.

Ndugu zetu walioko Ulaya wanatuambia kwamba huko kuna nyumba zinazompokea mzee wiki moja au mbili ili mlezi wake apumzike, kisha mzee anarudi kwake. Ni jambo jema. Lakini kwa mzee aliyewahi kukimbia, hata mara mbili au tatu, kupakiwa ndani ya gari ni kukimbia tena. Basi tukaligeuza jambo: Bibi abaki kitandani kwake, sisi ndio tusafiri.

Jinsi tulivyofanya

Ilikuwa likizo kubwa, mwezi wa Julai, na sisi tunaofundisha tulikuwa na nafasi. Tukaenda msichana mmoja na mvulana mmoja. Siku tatu za kwanza mama mdogo hakuondoka. Alikaa kwenye kiti, akatufundisha kwa mdomo, mikono ikawa yetu. Hapo tukaona kazi yenyewe. Usiku wa kwanza tulilala fofofo, hatukumgeuza Bibi. Asubuhi ngozi ya kiuno ilikuwa nyekundu. Mama mdogo hakutugombeza. Alisema tu: "Mumeona? Hivyo ndivyo kidonda kinavyoanza."

Siku ya nne alienda kupumzika kwa rafiki yake wa kanisani, hapo hapo Bujumbura. Siku tano akalala tu. Halafu akaanza kucheka kwa simu. Hatukuwahi kujua kwamba hajacheka kwa muda mrefu.

Mambo tuliyojifunza

1. Mzee aambiwe kwanza. Mwambieni nani anakuja, siku ngapi, na siku gani mlezi wake atarudi. Bibi tulimhesabia siku kwa mawe madogo ndani ya kikombe, kila asubuhi anatoa moja. Na siku ya kurudi isivunjwe. Ukimdanganya mara moja, mara ya pili hatakubali.

2. Andikeni karatasi moja, muibandike ukutani. Dawa gani, saa ngapi, ngapi. Anakula nini, anakataa nini. Namba ya simu ya jirani na ya mtu mwenye gari. Dawa za tansiyo zisikatizwe hata siku moja, kwa hiyo hesabuni vidonge kabla mlezi hajaondoka.

3. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, na usiku vilevile. Wawekeni zamu. Shuka iwe kavu, isiwe na mikunjo.

4. Alishwe akiwa ameketi, polepole, na asilazwe mara moja akimaliza. Akikohoa kila anapokunywa, semeni kwa muuguzi. Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakipotea, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali.

5. Heshimuni aibu yake. Bibi hataogeshwa na mjukuu wa kiume, wala babu na mkwe wake. Lakini vijana wa kiume wasijifiche hapo. Maji, kuni, kupika, kufua, kukesha usiku, yote hayo wanaweza. Mvulana wetu alijifunza kusonga ugali laini na kuponda sombe mpaka Bibi akamsifu.

6. Mnaotoka kambini, ombeni karatasi ya ruhusa mapema kwenye ofisi ya ONPRA na muulize kama siku hizo kuna mgao au uhakiki. Ukimsaidia bibi halafu ukakosa kuhesabiwa, mmeongeza shida ya pili nyumbani.

7. Pesa ziongelewe wazi. Mama mdogo asipouza ndagala wiki mbili, nani analipa nyumba? Sisi tulichanga, kila mtu alichoweza, tukaandika kwenye daftari. Waliokosa franka walitoa siku zao.

Kuna wanaosema kwamba kuomba kupumzika ni kumtupa mzazi. Hapana, bana. Anayemtupa mzee ni yule anayemwacha mtu mmoja abebe peke yake mpaka aanguke. Hata Umoja wa Afrika, katika mkataba wake wa haki za wazee uliopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, unataka nchi zilizouridhia ziwatie nguvu familia zinazotunza wazee nyumbani. Kama nchi zinaambiwa hivyo, sisi ndugu wa tumbo moja tutasema nini?

Hatusemi kila kitu kimekwisha. Mama mdogo bado anachoka, na wiki mbili haziponi miaka mitatu. Lakini sasa kila likizo kubwa tunashuka Gihosha, na katikati ya mwaka jirani mmoja anakuja kila Jumatano saa mbili hivi, anakaa na Bibi, mama mdogo anaenda kanisani au analala. Ni saa mbili tu, lakini anazingoja wiki nzima.

Safari iliyopita tulipoingia, Bibi aliona mfuko wetu mlangoni. Akauliza: "Huo ni wa kuja ao wa kwenda?" Tukasema ni wa kuja. Akasema, basi uwekeni mbali na kitanda.

Basi, wapendwa, mwezi huu msiulize tu "mzee hajambo?" Ulizeni pia: "Na wewe unayemtunza, ulilala lini usiku mzima?" Halafu mtaje siku mtakayokwenda. Msingoje simu ya jirani.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Amani kwenu nyote.