Mkahawa mdogo hufilisika kaunta, si mnadani

Bei ya kahawa inapopanda, wenye mikahawa huwa wa kwanza kulalamika. Mwaka 1994 baridi kali iliharibu mibuni Brazil na bei ikaruka duniani kote. Lakini mwenye mkahawa mdogo akikaa na kalamu na karatasi, ataona kuwa hasara yake kubwa haitoki mnadani Moshi.

Kikombe kimoja hutumia gramu nane hivi za kahawa. Kilo moja, basi, hutoa vikombe 125. Mteja anayekunywa kikombe kimoja kila siku ya kazi kwa majuma 50 hunywa vikombe 250 kwa mwaka, yaani kilo mbili tu. Kikombe kikiuzwa Sh. 3,000/-, mteja huyo mmoja ni mauzo ya Sh. 750,000/-. Bei ya kilo mbili ikipanda, faida hupungua. Mteja akihama, mauzo yote yamekwenda.

Na mteja hahami kwa sababu ya Brazil. Huhama kwa sababu mpokea fedha na mpika kahawa wamenuniana, na oda yake imepotea katikati yao.

Mara nyingi chanzo cha kununiana huko ni mwajiri mwenyewe. Fedha zikipungua kwenye droo, hukata mishahara ya wote. Tangu siku hiyo kila mmoja humwona mwenzake mwizi, na foleni ikirefuka hakuna anayemsaidia mwingine. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haikubali mtindo huo. Anayekatwa fidia ni aliyesababisha hasara kwa kosa lake, baada ya kuelezwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujitetea, na makato hayazidi robo ya mshahara.

Dawa haina gharama. Droo iwe ya mtu mmoja kwa kila zamu, ahesabu fedha anapoingia na anapotoka. Bakshishi iingie kopo moja na kugawiwa wote, mwosha vikombe akiwemo. Kila mhudumu ajue kazi ya mwenzake.

Tarehe 26 Februari 2008, kampuni ya Starbucks ilifunga jioni maduka yake yapatayo 7,100 nchini Marekani ili kuwafundisha upya wapika kahawa. Ikiwa kampuni kubwa iliona heri kukosa mauzo ya jioni nzima, mwenye meza sita hashindwi kufunga mapema siku moja kwa mwezi akae na watu wake.