Jina la Mtunzi na Siri ya Msemaji: Kauli Dhidi ya Uzembe katika Utafiti wa Vyombo vya Habari

Utangulizi

Atakayefungua viambatisho vya tasnifu za Kiswahili zilizowekwa katika maktaba za mtandaoni za vyuo vikuu vyetu hatakawia kukutana na jedwali la aina moja: jina la mhojiwa, umri wake, kijiji chake, kabila lake, kazi yake na, mara nyingine, nambari yake ya simu. Katika tasnifu iyo hiyo, sura ya tatu huwa imeahidi kwamba siri za watafitiwa zitahifadhiwa. Zamani mgongano huu ulikuwa na madhara machache, kwani nakala tatu au nne zilikaa rafuni na kusomwa na wachache. Leo tasnifu husomwa Nairobi na Chicago kwa wakati mmoja, na jina lililomo hupatikana na yeyote anayelitafuta mtandaoni.

Makala haya hayakusudii kuwashitaki wanafunzi. Mwanafunzi huandika kama alivyoelekezwa, na kiambatisho kilichopita mikononi mwa msimamizi, mtahini wa ndani na mtahini wa nje si kosa lake peke yake. Tunachokilenga ni mazoea ya taaluma nzima. Kwa muda mrefu uhakiki wetu ulishughulika na vitabu. Mwandishi alikuwa ametia jina lake jaladani, na mhakiki hakuhitaji idhini ya mtu ili amnukuu. Tangu masafa ya redio yalipofunguliwa kwa watangazaji wa kibinafsi katika miaka ya 1990, na hasa tangu simu ya mkononi iwe redio, gazeti na baraza kwa pamoja, wahakiki wengi wamehamia kwenye vipindi vya wasikilizaji, makundi ya ushairi ya Facebook na vichekesho vya WhatsApp. Kuhama huko ni kwa haki, kwa maana huko ndiko Kiswahili kinakoishi. Kasoro ni kwamba tulihama na mazoea ya kitabuni. Tunamsoma mpiga simu kana kwamba ni mhusika wa riwaya, ilhali mhusika wa riwaya hana jirani, hana mwajiri wala hana mume. Madai yanayotolewa kuyatetea mazoea haya ni matano. Tutayachukua moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Lililotangazwa ni la wote"

Hudaiwa kwamba aliyepiga simu redioni, au aliyeandika katika ukurasa ulio wazi, ameyatoa maneno yake hadharani kwa hiari yake, na kwa hiyo mtafiti hana la kumwomba. Jibu la dai hili limo katika nyumba ya Waswahili wenyewe. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka, ina kiwanda, ina misana na ina ndani. Anayezungumza dakani husikiwa na wapitao, wala halalamiki. Hata hivyo, mpita njia hachukulii kwamba amepewa ruhusa ya kuyaandika aliyoyasikia, kuyatia jina la msemaji na kuyabandika katika mji wa pili. Kusikika ni jambo moja. Kuhifadhiwa, kufasiriwa na kusambazwa chini ya jina lako ni jambo jingine kabisa.

Taaluma ya fasihi simulizi ndiyo iliyopaswa kulitambua hili kwanza. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba hakuna utambaji bila hadhira, na kwamba fanani huchagua maneno kwa kuwaangalia walio mbele yake. Ajabu ni kwamba mhakiki anayeisisitiza hadhira darasani huisahau awapo nyanjani. Mwanamke aliyeandika katika kundi la WhatsApp lenye wanachama hamsini aliwachagulia hao hamsini maneno yake. Mtafiti aliyejiunga na kundi hilo kimyakimya, akakusanya na kuondoka, ameibadilisha hadhira bila msemaji kujua.

Madhara yake si ya kubuni. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iligusia katika ripoti yake ya 2008 mchango wa baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kienyeji katika kuchochea uhasama. Vipindi vya wakati ule ni hazina kwa mtafiti wa lugha na siasa, na vinastahili kuchunguzwa. Lakini tukumbuke jinsi Tume yenyewe ilivyoyashughulikia majina. Majina ya washukiwa yalitiwa katika bahasha iliyofungwa, akakabidhiwa Kofi Annan, naye akaifikisha bahasha hiyo kwa Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mnamo Julai 2009. Ikiwa tume ya serikali, yenye nguvu zote za kisheria, iliona haja ya kuyafunga majina, mtahiniwa wa uzamili ana mamlaka gani ya kuchapisha jina la mpiga simu wa Januari 2008, mtaa wake na kabila lake? Taaluma inayofundisha Sauti ya Dhiki (1973) haiwezi kudai kwamba haijui kuwa maneno humfikisha msemaji gerezani.

Dai la pili: "Jina limefutwa, yatosha"

Wapo wanaokubali hoja iliyotangulia, nao huibandika herufi "A" au "B" mahali pa jina, kisha wakalala usingizi. Kisa kimoja cha Marekani kinatosha kuwaamsha. Mnamo 2008 watafiti wa elimujamii walitoa hadharani data za Facebook za wanafunzi takriban 1,700 wa mwaka mmoja wa chuo ambacho hawakukitaja. Majina yalikuwa yamefutwa. Michael Zimmer alikitambua chuo hicho kuwa ni Harvard bila hata kuzifungua data zenyewe. Maelezo ya idadi ya wanafunzi na orodha ya masomo yao, pamoja na waliyoyasema watafiti hadharani, yalimtosha. Data hizo ziliondolewa. Katika makala yake ya 2010 Zimmer aliichambua kauli iliyotumiwa kujitetea, kwamba data hizo tayari zilikuwa hadharani. Ni dai letu la kwanza kwa sauti ya kigeni.

Sisi wa fasihi tuna tatizo kubwa kuliko lao. Mwanatakwimu anaweza kumficha mtu ndani ya asilimia. Mhakiki hawezi, kwa sababu ushahidi wake ni maneno yenyewe jinsi yalivyosemwa. Akiunukuu ubeti au maoni ya ukurasa wa Facebook neno kwa neno, msomaji ana haja tu ya kuyatafuta maneno hayo mtandaoni ili ampate mwenyewe, na picha yake, na watoto wake.

Hata pale ambapo maneno hayamo mtandaoni, lahaja humtaja msemaji. Nukuu ya Kipate au ya Kitikuu, ikiambatana na maelezo kama vile "mwalimu wa madrasa, mwenye umri wa miaka 78, Siyu", haimfichi mtu kwa wakazi wa Siyu. Inamficha kwa mtahini tu, yaani kwa mtu asiyekuwa na haja ya kumjua. Wanaoweza kumdhuru mtafitiwa ni wale wanaomfahamu, na hao hawahitaji jina. Kwa hiyo kipimo cha usiri hakiwezi kuwa jicho la mgeni. Swali ni moja: je, jirani yake akiisoma sura hii, atamtambua?

Dai la tatu: "Fasihi ina kinga yake katika sheria"

Dai hili limekuja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu cha 52 kinaulegeza mkono wa sheria hiyo kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Wenzetu wengine wamelisoma neno "fasihi" na kushusha pumzi. Wameshusha mapema. Kifungu hicho kinahusu uchapishaji wa kazi ya fasihi au ya kisanaa, nacho kinamtaka mchapishaji awe na sababu za kuamini kwamba uchapishaji huo una manufaa kwa umma. Mhakiki anayechambua mazungumzo ya watu si mtunzi wa riwaya. Ni mtafiti, na mtafiti amewekewa kifungu chake, cha 53. Humo utafiti umepewa nafuu, lakini kwa sharti lisilo na utata: matokeo yasitolewe kwa namna inayomtambulisha mwenye data. Asiyetimiza sharti hilo hana nafuu hiyo.

Zaidi ya hayo, sheria iyo hiyo inaitia asili ya kikabila ya mtu, imani yake, hali yake ya afya na ya ndoa katika fungu la data nyeti. Safu ya "kabila" ambayo tumeizoea katika majedwali yetu, aghalabu bila kuitumia popote katika uchanganuzi, si safu ya kawaida tena. Katiba ya 2010 imeweka mizani hiyo hiyo. Ibara ya 33 inaulinda uhuru wa taaluma na wa utafiti, na papo hapo inamtaka anayeutumia uhuru wa kujieleza aheshimu haki na heshima ya wengine. Ibara ya 31 inamlinda mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa habari za familia yake na mambo yake ya faragha pasipo lazima. Kila mtafiti na ajiulize lazima yake iko wapi.

Dai la nne: "Kuficha jina ni kumdhulumu mtunzi"

Hili ndilo dai zito, nasi hatulidharau. Ushairi wa Kiswahili umepotezewa majina mengi. Tunajua kwamba sehemu kubwa ya tungo za Muyaka bin Haji zilitufikia kwa sababu William Taylor alizikusanya Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Lau jina la Sikujua lingefutwa kwa hoja ya usiri, historia ya fasihi yetu ingekuwa maskini, na sifa yote ingemwendea mgeni. Malenga anayetuma shairi lake katika ukurasa wa ushairi wa Taifa Leo hulitia jina lake, mara nyingi na lakabu na mji wake, kwa sababu anataka ajulikane. Kumwita "Mtafitiwa wa Tatu" ni kumnyang'anya kilicho chake, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambulia haki ya kutajwa.

Lakini dai hili linathibitisha tu kwamba kuna watu wa aina mbili, nasi tumezoea kuwachanganya. Yuko mtunzi, anayeidai kazi yake. Yuko na msemaji, anayetoa habari, maoni au kilio. Wa kwanza ana haki ya jina. Wa pili ana haki ya siri. Aibu ya utafiti wetu ni kwamba aghalabu tunawapa kinyume: nyimbo za arusi zilizotungwa na mwanamke anayejulikana kijiji kizima huchapishwa kama mali ya "jamii", ilhali mke aliyelalamika redioni kuhusu ndoa yake hutajwa kwa jina na mtaa. Pengine mtu mmoja huwa yote mawili: leo ametunga shairi, kesho ameeleza maradhi yaliyomsukuma kulitunga. Hapo mtafiti hana njia ya mkato. Hapana budi amwulize mwenyewe, kwa kila sehemu, na akubali kujibiwa "hapana".

Dai la tano: "Maadili haya ni ya kigeni"

Ni kweli kwamba fomu nyingi za ridhaa tunazowapa wazee watie saini zimefasiriwa kutoka Kiingereza kwa Kiswahili ambacho hata sisi hatukizungumzi. Ni kweli pia kwamba mtu anayetakiwa kutia saini kabla ya kutamba hadithi huona kama amefikishwa kituo cha polisi. Lakini ubovu wa fomu si ubovu wa wajibu. Jamii inayobisha hodi mara tatu na kurudi isipojibiwa haikufundishwa faragha na mtu. Tena lugha yetu ina neno lililo zito kuliko "data", nalo ni amana: kitu alichokupa mtu kwa shughuli maalumu, ambacho huruhusiwi kukitumia kwa nyingine.

Amana ikivunjwa, msiba haukai chuoni. Mnamo 2014 mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikusanya data za Facebook kupitia programu ya maswali ambayo watumiaji waliambiwa ni ya shughuli za kitaaluma. Walioitumia walikuwa takriban 270,000, lakini data zilizovunwa kupitia kwao zilifikia, kwa makadirio ya Facebook yenyewe, watu hadi milioni 87, nazo zikaishia kwa kampuni ya siasa ya Cambridge Analytica. Mnamo 2018 wakuu wa kampuni hiyo walirekodiwa wakijigamba kwamba waliendesha kampeni za uchaguzi wa Kenya za 2013 na 2017. Anayesema kwamba data za mhadhiri hazimdhuru mtu na azingatie safari hiyo.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matano, na hakuna linalohitaji fedha. Kwanza, msimamizi asipitishe kiambatisho chenye majina, nambari za simu au kabila la watafitiwa, na tasnifu zilizokwisha kuwekwa mtandaoni zitolewe viambatisho hivyo. Pili, orodha inayooanisha majina na herufi ihifadhiwe mbali na rekodi, na iwekewe tarehe ya kuteketezwa. Tatu, kila nukuu ya mtandaoni itafutwe kabla ya kuchapishwa. Ikimfichua mwenyewe, aombwe idhini, na akikosekana, maudhui yaelezwe kwa maneno ya mtafiti. Nne, mtafiti ajitambulishe katika kundi kabla ya kukusanya, wala ruhusa ya msimamizi wa kundi isichukuliwe kuwa ruhusa ya wanachama. Tano, kila mhojiwa aulizwe, kwa Kiswahili chake, kama anataka kutajwa au kufichwa.

Itasemwa kwamba masharti haya yatapunguza data. Yatapunguza, na baadhi ya tasnifu zitakuwa nyembamba. Tunaona ni afadhali tasnifu nyembamba kuliko mwanamke aliyepoteza ndoa au kazi kwa sababu mtu fulani alihitaji shahada. Tena hasara ya upande wa pili ni kubwa zaidi: watu wakishajua kwamba kila anayejiita mtafiti huyaanika waliyomwambia, watanyamaza, na fasihi tunayodai kuihifadhi haitasimuliwa mbele yetu.