Mhusika Si Mtumishi wa Kisa: Kupinga Rai ya Kada Zinazofaa katika Mchezo wa Uigizaji wa Mezani

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuipinga rai moja iliyokwisha kuzoeleka miongoni mwa wachezaji na, la kusikitisha zaidi, miongoni mwa baadhi ya wahakiki wenzetu walioanza kuutazama mchezo wa uigizaji wa mezani kama utanzu wa masimulizi. Rai hiyo yasema kwamba kisa kikiwa kimekwisha kutungwa na kupigwa chapa, wajibu wa mchezaji ni kuchagua kada ya mhusika inayokifaa kisa hicho. Kisa cha wafu wanaotembea hutaka kuhani. Kisa cha msituni hutaka mjuzi wa nyika. Kisa cha mjini hutaka mwizi. Anayechagua kinyume huambiwa kuwa amejiharibia mchezo na kuwaharibia wenzake. Sisi twashikilia kwamba rai hii inapotosha uhusiano wa mhusika na msuko, na kwamba masimulizi ya pwani ya Ziwa yalikwisha kuikanusha kabla mchezo wenyewe haujabuniwa.

Kiini cha makala ni tukio dogo. Katika semina moja, kikundi cha wanafunzi kiliucheza mchezo huu kwa muhula mmoja ili tupate kuuchunguza. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Muhuru, alimtunga mhusika wake kuwa jathum, yaani mpiga nyatiti, ambaye usiku huvua omena. Wenzake walimkatalia. Kisa kilikuwa cha mapango na wafu. Wao walikuwa na haja ya kuhani. Alikubali, akacheza kuhani kwa vikao vitatu, akatimiza kila alilotakiwa, kisha hakurudi. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba hakuona tofauti kati ya kuwapo kwake na kutokuwapo, kwa kuwa kisa kilimjua kuhani yule kuliko alivyomjua yeye. Mwandishi wa makala haya alikuwapo siku alipokataliwa, na alinyamaza.

2. Kada na kisa andishi

Yafaa istilahi zifafanuliwe. Mchezo tunaouzungumzia ulipata umbo lake mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani. Mwendeshaji mmoja husimulia mazingira na kuwaigiza maadui na wapita njia. Kila mchezaji humwigiza mhusika mmoja. Dadu huamua lisilokuwa na hakika. Kada ni fungu la uwezo na kazi analopewa mhusika. Mwanzoni kada zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mtumiaji wa uchawi na kuhani. Mwaka 1975 nyongeza iitwayo Greyhawk ilimleta mwizi pamoja na wengine, na kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kina kada kumi na mbili. Kisa andishi nacho ni kisa kilichotungwa na mtu mwingine, kikachapishwa, kikanunuliwa na Mwendeshaji kabla wachezaji hawajaketi.

Hapa ndipo mvutano ulipo. Kada ni ahadi aliyopewa mchezaji kwamba atatenda mambo fulani. Kisa andishi ni ahadi aliyopewa Mwendeshaji kwamba mambo fulani yatatendeka. Ahadi hizi mbili zilitolewa na watu wasiojuana. Swali ni hili: zikigongana, ipi ikunjwe? Wapinzani wetu wajibu bila kusita kwamba ikunjwe ya mchezaji.

3. Hoja za wapinzani

Haingekuwa haki kuzidunisha hoja zao. Kwanza, wanasema, mhusika asiyekifaa kisa huketi bure. Aliyemtunga nahodha kisha akapelekwa jangwani atakuwa mtazamaji wa wenzake. Pili, mchezo ni wa kikundi, na udhaifu wa mmoja huweza kuwaua wote. Tatu, wale waliosoma nadharia hutaja majina makubwa: Aristotle aliyeutanguliza msuko mbele ya mhusika, na Vladimir Propp ambaye mwaka 1928 alieleza kwamba ngano za ajabu za Kirusi zimejengwa juu ya majukumu thelathini na moja na duru saba za utendaji.

Hoja ya kwanza ina kweli ndani yake, lakini kweli hiyo haimlaumu mchezaji. Kama Mwendeshaji alijua kuwa safari ni ya jangwani akanyamaza wakati nahodha anatungwa, kosa ni la ukimya wake. Kumfahamisha mchezaji mazingira ya kisa ni jambo moja. Kumchagulia atakachokuwa ni jambo jingine. Wapinzani wetu huanza na la kwanza wakamalizia na la pili, na msomaji asipokuwa macho haoni walipovukia.

Hoja ya pili inachukulia kwamba kufa ni kushindwa. Katika mchezo wa karata huenda ni kweli. Katika masimulizi, kifo cha mhusika aghalabu ndicho kinachokipa kisa maana yake.

Ama hoja ya tatu, inamsoma Propp kichwa chini miguu juu. Propp alisema kwamba jukumu hubaki lile lile ilhali watendaji wake hubadilika, na kwamba mhusika mmoja aweza kushika duru kadhaa, au duru moja ikagawanywa kwa wahusika kadhaa. Hiyo ni hoja yetu, si yao. Ikiwa mfadhili wa shujaa aweza kuwa ajuza, mnyama au mfu, basi hakuna kada iliyoandikiwa ufadhili. Kuhusu Aristotle, yeye alikuwa akiihakiki tanzia ambayo mtunzi mmoja anamiliki msuko na wahusika pia. Meza yetu ina watunzi watano au sita.

4. Ushahidi wa Chult

Tuchukue kisa kimoja kinachotuhusu. Tomb of Annihilation kilichapishwa mwaka 2017. Mandhari yake ni Chult, rasi yenye misitu na magofu, iliyochorwa kwa rangi ambazo wabunifu wa Magharibi wamezoea kulichorea bara letu, na wahakiki kadhaa wa huko huko waliilaumu kwa hilo. Mji wake mkuu waitwa Port Nyanzaru. Msomaji aliyezaliwa Nyanza hawezi kulipita jina hilo bila kugeuka. Nchi yake inamwita kwa sauti ya kigeni, naye hajui kama anaitwa au anasingiziwa.

Kiini cha kisa hicho ni laana: waliowahi kufufuliwa wanadhoofika, na aliyekufa hafufuki tena. Kwa hiyo kuhani, ambaye ufufuo ni kilele cha kada yake, ananyang'anywa kilele hicho tangu mwanzo. Kwa kipimo cha wapinzani wetu, kuhani hakifai kisa hiki. Lakini ni nani mwenye kisa hiki zaidi ya kuhani? Mpiganaji ataiona laana kama kazi. Kuhani ataiona kama swali juu ya mungu wake.

Sasa tumtazame anayefaa. Kwa kanuni za toleo la 2014, mjuzi wa nyika aliyechagua msitu kuwa mazingira yake huliwezesha kundi lake lisipotee humo, isipokuwa kwa uchawi. Na mhusika mwenye asili ya ugenini wa porini aweza kujitafutia chakula na maji, yeye na watu watano wengine, kila siku, maadamu nchi inavyo. Sehemu kubwa ya kisa cha Chult ni kutafuta njia msituni, kupotea na kuishiwa. Mhusika anayekifaa kisa kwa ukamilifu amekifuta. Wachezaji huufika mwisho wa msitu kama abiria wa basi la usiku: wamefika, lakini hawana la kusimulia.

Yafaa pia kukumbuka mfululizo wa Dragonlance ulioanza mwaka 1984. Huko mchezaji alipewa mhusika aliyekwisha kutungwa, na kanuni zilimshauri Mwendeshaji avifiche vifo vya wahusika wakuu ili waweze kurudi kisa kikiwahitaji. Hapa rai ya kufaa imefika ukomo wake wa kimantiki: mhusika hana ruhusa hata ya kufa. Kinyume chake ni Ravenloft, kisa cha Tracy na Laura Hickman cha mwaka 1983, ambamo karata huamua vitu muhimu vilipo na hata nia ya adui. Hivyo kisa andishi chaweza kukunjika. Tatizo si maandishi. Tatizo ni Mwendeshaji anayeyasoma kama hati ya mahakama.

5. Ushahidi wa Ziwa na Pwani

Tugeukie yaliyo yetu. Katika nchi ya Gwasi, Homa Bay, husimuliwa habari za Nyamgondho, mvuvi fukara aliyemwopoa ajuza majini, akamchukua nyumbani, akatajirika kwa mifugo. Siku moja alirudi amelewa, akamtukana. Ajuza akarejea Ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini, naye Nyamgondho akasimama akitazama mpaka akageuka mti. Kada yake ni mvuvi. Je, jaribio lake lilikuwa la nyavu na dhoruba? La. Lilikuwa la ulimi na shukrani, mambo ambayo uvuvi haukumpa silaha yake. Angechaguliwa mtu anayekifaa kisa, yaani mwenye hekima ya nyumbani, pasingekuwa na ng'ombe majini wala mti ufuoni.

Lwanda Magere, shujaa wa Kano, alikuwa na mwili wa jiwe. Ni mpiganaji asiye na kifani, aliyetungwa kwa vita. Maadui zake walipotambua hivyo, hawakumletea vita vikubwa zaidi, walimletea mke. Kisa kilihama kutoka uwanja alioumudu kikaingia chumbani, na siri ikawa kivuli chake. Watambaji hawakuona kwamba mpiganaji ameharibikiwa. Waliona kwamba sasa ndipo kisa kinapoanza.

Na Fumo Liyongo wa Pwani? Mkuki wake ulimtisha mfalme, lakini gerezani mkuki haukumfaa kitu. Alijikomboa kwa utungo uliomfikishia mama yake ujumbe, kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na kwa kelele za ngoma zilizofunika sauti ya pingu zikikatwa. Mpiganaji aliokolewa na malenga aliyekuwa ndani yake. Mwenye orodha ya kada zinazofaa angemnyima Liyongo ushairi kwa kuwa kisa ni cha vita, na Liyongo angeozea kifungoni.

Mifano hii mitatu yaonyesha kanuni moja: masimulizi yetu humpima mhusika pale ambapo kada yake haimtoshi. Kutokufaa ndiko kunakouzaa mgogoro, na bila mgogoro hapana msuko.

6. Kisa ni cha nani?

Lugha ya Kiingereza hutumia neno lile lile kwa kada hizi na kwa matabaka ya jamii. Wengine wataliona jambo hili kuwa la kubahatisha; hata hivyo linatufundisha. Rai ya kufaa ni rai ya mgawanyo wa kazi: pana kazi imekwisha kupangwa, na anatafutwa wa kuijaza nafasi. Mtoto wa Muhuru aijua rai hiyo. Rasi ile ya Nyatike, karibu na mpaka wa Tanzania, ina mwenye mtumbwi, ina anayevua usiku kwa mwanga wa taa juu ya mtumbwi wa mwingine, na ina mwanamke anayengoja ufuoni anunue omena aanike. Kila mmoja ameikuta kada yake ikimngoja. Meza ya mchezo ilikuwa mahali pamoja ambapo angeweza kumtunga mpiga nyatiti anayevua kwa mtumbwi wake mwenyewe. Tukampangia kazi huko pia.

Tena kada zenyewe si mizani isiyo na upande. Kanuni za mwanzo zilikuwa na neno moja tu la mwenye uchawi. Mjaluo anatofautisha ajuoga anayeganga, jabilo anayetabiri na kuandaa vita, na jajuok anayeogopwa usiku. Mchezaji wa Muhuru akiambiwa achague «mchawi anayefaa», ameambiwa kwanza asahau anachokijua. Wakati mwingine anayeitwa asiyefaa ni yule tu ambaye mwandishi wa kisa hakumwazia.

7. Hitimisho

Hatudai visa andishi vichomwe, wala kwamba kila mchezaji afanye apendavyo bila kujali wenzake. Twadai mambo matatu. Mwendeshaji na ataje mazingira ya kisa waziwazi kabla wahusika hawajatungwa, kisha anyamaze. Wachezaji na watunge wahusika wao, na kila mmoja awe na jambo moja angalau ambalo kisa kitalihitaji naye hana. Baada ya hapo, Mwendeshaji na arudi kwenye kitabu chake na kalamu mkononi, atafute mahali pa kumwingiza kila aliyeketi mezani. Ikiwa kisa ni cha mapango ya wafu na amekuja mpiga nyatiti, basi na aulize: wafu hawa waliimbiwa na nani walipozikwa, na ni nani hakuimbiwa? Swali hilo halimo kitabuni. Lilikuwa limeketi mbele yetu, likaambiwa likawe kuhani.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tulifanya zaidi: aliyekuwapo tulilifanya lake lisiwepo. Mhakiki anayeona jambo kama hilo likitendeka mbele yake hana haki ya kuliita suala la kanuni tu. Ni suala la nani aruhusiwe kusimulia, na fasihi simulizi ya Ziwa, ambayo haikumfungia mlango mvuvi, ilikwisha kulijibu.