Askari Asiyezaliwa na Silaha

Jembe likimkata mguu mwanafunzi wa Nkoma, mkoani Simiyu, wakati wa kupalilia pamba, jeraha huvimba, hupata joto, na pengine hutunga usaha. Mwalimu wa biolojia atamweleza kuwa chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu: hayasemi ni nani aliyewafunza askari hao.

Mafunzo huletwa na sitokini, yaani protini ndogo ambazo chembe hupashana habari kwazo. Chembe-mama iliyomo katika uboho wa mifupa haina kazi moja iliyopangiwa. Uzao wake ukipokea sitokini iitwayo G-CSF, huelekea kuwa nyutrofili, zinazowahi jerahani na kufia humo. Usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga yao. Ukipokea M-CSF, huelekea kuwa makrofeji, mlaji mkubwa wa vijidudu. Mtu mzima hutengeneza nyutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku, na maradhi yakiingia amri huzidishwa.

Yapasa mwalimu wa Simiyu ajue pia kwamba mazungumzo ya sitokini huathiriwa na chakula. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha katika jarida la Nature Medicine jaribio walilolifanya kwa wanaume 77 mkoani Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili walilishwa cha kizungu kwa wiki mbili: dalili za uvimbe wa ndani zikaongezeka, na damu yao ikadhoofika katika kutoa sitokini ilipochokozwa na vijidudu. Waliogeuzwa kutoka chakula cha kizungu kwenda cha asili walielekea kinyume, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. (Mbege nayo ilijaribiwa ikaonyesha nafuu, jambo ambalo wanywaji wasilifanye hati ya ruhusa.)

Si halali kutangaza darasani kuwa michembe na ugali wa uwele vimethibitishwa. Jaribio lilikuwa dogo, la wanaume tu, na vyakula vyake ni vya Kilimanjaro. Hata hivyo, mwanafunzi aonaye haya kula michembe mbele ya wenzake wenye maandazi na soda amefundishwa aibu isiyo na msingi wa kisayansi. Kipimo kama hicho hakina budi kufanywa Usukumani, kwa wanawake na wanaume, wakati ambapo uwele ungali unalimwa na wajuao kukausha michembe wangali hai.