Msituambie Tumepumzika

Kuna maneno yanayosemwa karibu kila msiba wa mtu mwenye ulemavu wa akili huku kwetu Kagera, kuanzia Kashai mjini Bukoba hadi Nshamba na Kamachumu wilayani Muleba. Husemwa kwa sauti ya chini, msemaji ameinama sikioni mwa mfiwa: "Pole mama, lakini Mungu ameona. Amepumzika, na wewe sasa utapumzika." Mama yangu aliambiwa hivyo tulipomzika mdogo wangu kibanjani nyumbani. Aliyeyasema ni jirani mwema, aliyekuja na mkungu wa ndizi akakesha nasi matangani. Kwa hiyo sigombani naye. Nagombana na imani aliyokuja nayo, kwamba marehemu alikuwa mzigo, kwa sababu ni ya uongo, na tena inaua.

Mdogo wangu alizaliwa na sindromu ya Down. Wanaosema alikuwa mzigo hawakuwahi kukaa nyumbani kwetu. Sisi ndugu zake tulisoma tukaondoka, huyu Mwanza, yule Dar es Salaam. Yeye alibaki. Ndiye aliyeanika kahawa ya maganda asubuhi na kuiwahi wingu likitokea upande wa ziwa. Senene wakidondoka, alikalia kigoda, beseni mapajani, vidole vyake vifupi vikinyonyoa mbawa na miguu ya mdudu mmoja mmoja, wala hakutaka kuharakishwa. Akimaliza, hukuti hata mguu uliosahaulika, na ole wake atakayeonja kabla ya ruhusa yake. Mama alikuwa na watoto wenye vyeti, na mmoja tu wa kumuuliza kila jioni kama amekula. Hebu niambieni, nani hapo alikuwa mzigo wa nani?

Hata hivyo, sitaki kushinda hoja kwa kahawa na senene. Hata kama asingeanika punje moja, angebaki kuwa ndugu yetu. Bibi aliyelala kitandani miaka hatumuulizi amezalisha nini ndipo tumlilie. Mtoto mchanga hatumdai hesabu. Kwa nini huyu peke yake ndiye tumpige mahesabu akiwa jenezani?

Wapo wengine wanaokuja na maneno matamu: "Alikuwa malaika yule." Nao nawakatalia. Mdogo wangu alikuwa mbishi. Timu ya Kagera Sugar ikifungwa uwanjani Kaitaba alizima redio, akasusa chakula, na aliyethubutu kumcheka hakusemeshwa hadi kesho yake. Alikuwa na hila zake, hasira zake na watu aliowapendelea waziwazi. Malaika hahitaji shule, kadi ya bima wala daktari wa moyo. Binadamu anavihitaji. Ukishamfanya mtoto kuwa malaika, umejipa ruhusa ya kutomtafutia kitu chochote hapa duniani.

Na hapo ndipo imani hii inapoua. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba vyake. Mtoto hunyonya kwa taabu, hutoka jasho, hupumua mbiombio, nimonia haimwachi. Kasoro nyingi za namna hiyo hurekebishwa kwa upasuaji. Mama alipompeleka mdogo wangu kwenye kituo kimoja cha afya akiwa mchanga, aliambiwa asijisumbue, "hawa huwa hawafiki mbali". Hakuna aliyemsikiliza moyo. Moyo huohuo ndio uliomwondoa.

Eti hawafiki mbali? Marekani mwaka 1983 wastani wa umri wao wa kufariki ulikuwa takriban miaka 25. Leo unakaribia 60. Kromosomu ya ziada, ile ya 21 ambayo Jérôme Lejeune na wenzake waliitangaza Paris mwaka 1959, ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba walianza kupasuliwa moyo, kufundishwa na kulelewa majumbani badala ya kufungiwa. Hapa kwetu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, inajitegemea tangu 2015, na inapasua watoto. Muleba hadi Dar es Salaam ni mbali, sikatai. Lakini tumeuza ng'ombe kwa ajili ya kesi za vibanja zilizokwenda mbali kuliko hapo.

Wapo pia wanaotafuta mchawi, au dhambi ya mama. Mara nyingi kromosomu hiyo huongezeka kwa bahati tu wakati yai au mbegu ya uzazi inapoundwa, na umri wa mama ukisogea uwezekano huongezeka. Hakuna mkono wa mtu. Mkoa huu ungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapahapa Kagera mwaka 1983, na tulizika wengi tukiwa bado tunasaka wachawi.

Msiniambie maneno ya msibani ni faraja tu. Mei 30, 2024, mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa familia yake huko Kamachumu. Juni 17 mwili wake ulipatikana ndani ya mfuko, viungo vikiwa vimenyofolewa. Nchi nzima ililia. Ulemavu wake na wa mdogo wangu ni vitu viwili tofauti, na jirani yangu si muuaji. Lakini jamii iliyozoea kuwaona baadhi ya watoto kuwa nusu mtu isishangae anapotokea mwenye kuwapangia bei.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haijui nusu mtu. Inawapa haki ya matibabu na elimu kama raia wengine. Wenyeviti wa vijiji, mnawafahamu watoto hawa nyumba kwa nyumba. Hakikisheni wanaandikishwa shule na kufikishwa hospitali. Mzazi, usingoje wanao wengine wamalize ada ndipo umfikirie huyu. Kadai rufaa apimwe moyo mapema. Na wewe mhudumu wa afya utakayempokea, msikilize moyo kwanza, kabla hujamtabiria mama yake siku ya kumzika.