Miaka 100 ya ubingwa wa dunia wa mpira wa meza: Amani nayo ina wajibu

Mwaka huu wa 2026 mashindano ya ubingwa wa dunia ya mpira wa meza yanatimiza miaka 100. Yalizaliwa London Desemba 1926, na London ndiyo iliyopewa heshima ya kuandaa mashindano ya timu ya mwaka huu wa kumbukumbu. Kwa niaba ya wasomaji wetu, kutoka Amani hapa Unguja, tunatoa pongezi za dhati kwa Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza, ITTF, lililoyalea mashindano haya kwa karne nzima.

Umri huu haukuja bure. Mwaka 1926 yalishiriki mataifa tisa tu. Hungaria iliondoka na kombe la timu, Roland Jacobi akatwaa taji la wanaume na Mária Mednyánszky la wanawake. Vita vya Pili vya Dunia viliyasimamisha mashindano hadi yaliporejea Paris mwaka 1947. Korona nayo iliifuta zamu ya Busan ya 2020. Mji huo wa Korea Kusini ulivuta subira na kuwa mwenyeji mwaka 2024.

Tunalipongeza shirikisho hili kwa jambo jingine ambalo Waafrika hatupaswi kulisahau. Mwaka 1956, siasa ya ubaguzi wa rangi ilipokuwa imeota mizizi Afrika Kusini, ITTF ilikitambua chama cha huko kisichobagua wachezaji kwa rangi na kukitupa mkono kile cha weupe watupu. Mwaka uliofuata wachezaji wa chama hicho kisichobagua walishiriki mashindano ya dunia mjini Stockholm. Michezo mingine ilichukua miaka mingi zaidi kufikia uamuzi kama huo.

Ndiyo maana mashindano ya Durban, hukohuko Afrika Kusini, mwaka 2023 yalikuwa na uzito wa pekee. Mashindano ya dunia yalikuwa hayajakanyaga ardhi ya Afrika tangu Cairo mwaka 1939, yaani miaka 84. China ilizoa mataji yote matano: Fan Zhendong alishinda kwa wanaume na Sun Yingsha kwa wanawake. Mwaka 2025 mjini Doha, Sun alilitetea taji lake, na Wang Chuqin akawa bingwa mpya wa wanaume.

Afrika haikukaa kando. Quadri Aruna wa Nigeria alifika robo fainali ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Mwafrika wa kwanza kufika hatua hiyo katika mchezo huu, kisha akafika robo fainali ya dunia Houston mwaka 2021. Omar Assar wa Misri naye alicheza robo fainali ya Olimpiki Paris mwaka 2024.

Zanzibar ina sababu yake ya kuikumbuka historia hii. Mwaka 1971, wakati wa mashindano ya dunia ya Nagoya, Japani, Mmarekani Glenn Cowan alijikuta ndani ya basi la timu ya China. Bingwa Zhuang Zedong aliinuka, akamsalimia na kumpa zawadi ya kitambaa cha hariri. Siku chache baadaye timu ya Marekani ilialikwa Beijing. Oktoba 25 mwaka huohuo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirejeshea China kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35. Miongoni mwa waliopigania ushindi huo kwa nguvu zote alikuwa balozi wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, mwana wa Zanzibar. Mchezo ulifanya kazi yake na diplomasia ikafanya yake, na katika hiyo ya pili Mzanzibari alikuwa mstari wa mbele.

Uwanja wetu wa Amaan umetoka katika zama hizohizo. Ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970. Ulifunguliwa upya Desemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa, na Agosti 2025 ulipokea mechi za soka za CHAN. Soka limepata heshima yake, na ni haki yake. Sasa mpira wa meza nao upewe nafasi.

Mahitaji yake si makubwa. Meza ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, na wavu wake una kimo cha sentimita 15.25. Mpira una uzito wa gramu 2.7, hivyo haustahimili upepo wa kusi unaopita dirishani. Kinachotakiwa ni chumba kipana chenye sakafu kavu, mwanga wa kutosha na madirisha yanayofungika. Vyumba vya namna hiyo vimo katika shule zetu, na vingi hukaa kimya masomo yanapokwisha.

Tunaitaka Wizara inayohusika na michezo na Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar kuhakikisha kuwa kila wilaya ya Unguja na Pemba ina kituo chenye meza za viwango na mwalimu aliyefunzwa. Tunawataka walimu wakuu wafungue kumbi zao jioni, na wasichana wapewe zamu sawa na wavulana. Wafanyabiashara wetu, ambao hawakosi kuchangia jezi za soka, wachangie pia raketi na mipira.

Mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa Amani, wa Makunduchi au wa Wete atunzwe kwao kwanza, ili atakapovaa bendera ya Tanzania mbele ya dunia awe amekwenda kushindana. ITTF imeuweka mlango wazi kwa miaka 100. Wajibu wa kuwaandaa watakaoingia ni wetu, na uanze kutekelezwa mwaka huu.