Hata kuku wa watoto ana nafasi kwenye ratiba ya chanjo



Siku hizi nikitembelea mabanda yenu kuna kitu nakikuta mara kwa mara. Banda la kuku wa mayai limejengwa vizuri, mlangoni kuna beseni la dawa ya kukanyaga, ratiba ya chanjo imebandikwa ukutani. Halafu uani kuna bata bukini wawili, kuku wa mapambo mwenye manyoya hadi kwenye vidole, na njiwa juu ya paa. Ukiuliza unaambiwa, "Aah, hao siyo wa biashara, bwana mifugo. Hao ni wa watoto."

Mimi sipingi. Mtu ana haki ya kufuga kitu kwa sababu tu kinampendeza, na mtoto anayemlisha kuku wake mwenyewe anajifunza mengi kuliko kwenye semina zangu. Ninachopinga ni kuwaacha nje ya hesabu. Kideri, wengine mnaita mdondo, hakiulizi nani wa biashara na nani wa mapenzi. Bata na njiwa wanaweza kubeba virusi vyake bila kuonyesha dalili yoyote. Wewe unamshika bata, unamrudisha chini, unaingia kwa kuku wako 500 na viatu vilevile. Na ugonjwa huu hauna tiba, ni chanjo tu. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Umeshachanja 500, hao wachache wa uani wanakushinda nini?

Wengine wananunua jozi ya ndege wa ajabu kwa bei kubwa wakisema leo kipenzi, kesho biashara. Hapo chagua moja. Wakenya waliyaona kwa kware mwaka 2013 na 2014: watu wakahangaikia mpaka vibali vya KWS, mayai yakajaa sokoni, bei ikaporomoka. Kobe, kasuku na kanga wa porini ndiyo kabisa, hao ni wanyamapori. Kibali kwanza, hata kama umemwokota barabarani.

Kwa hiyo asubuhi anza kulisha wa biashara, wa uani wafuate, na viatu vya bandani vibaki bandani. Ndege mgeni akae peke yake wiki mbili. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza kucheza naye, na habari za kumbusu kuku hapana, hata kama mmempa jina.